Saa ya Ukutani

Ujumbe wa msiba ulinikuta jikoni, mahali ambapo habari karibu zote za maisha yangu zimenikuta, nikichambua maharage. "Eda ametutoka. Mazishi kesho Chapwa, saa nane mchana, saa ya Tanzania." Kwetu Tunduma mtu hataji saa bila kusema ni ya upande gani. Ukivuka barabara ukaingia Nakonde, Zambia, unarudishiwa saa nzima: huku ikiwa saa nne, kule ni saa tatu. Ukoo mmoja umelala pande zote mbili, na mwandika tangazo akisahau maneno hayo matatu ya mwisho, nusu ya ndugu watakuta kaburi limeshafukiwa. Niliusoma ujumbe mara tatu. Ningependa kusema ni kwa uchungu. Ukweli ni kwamba macho yalikuwa yamenasa kwenye "saa ya Tanzania" kama nguo kwenye seng'enge, na maharage niliyoyachambua asubuhi ile tuliyala na mawe yake.

Watoto wangu wananiita Kufuli, kwa sababu siondoki mlangoni. Mbeya nimekwenda mara chache, na kila mara nimerudi kabla mboga haijachacha. Wakinitania nacheka nao, maana ni kweli. Lakini ulikuwapo mwaka mmoja, nikiwa kidato cha pili, ambapo mtu huyu asiyependa kutoka nyumbani alimnyang'anya mwenzake safari. Mwaka huo sijawahi kuwasimulia. Wanajua tu kwamba mama yao alipata kuchaguliwa na wageni kwa sababu ya Kiingereza, na kwamba Kiingereza chenyewe hakijaonekana tena hadi leo.

Mwalimu wetu wa Kiingereza tulimwita Mawingu. Kila asubuhi aliingia darasani, darasa zima likasimama, akamwita mmoja dirishani aseme kwa Kiingereza hali ya hewa ikoje. Hakuna aliyekaa mpaka jibu limpendeze. Ukisema "hot" siku ya jua alikutazama kama umemtukania mama. Ukishindwa kabisa alinyoosha kidole mlangoni. "Kama hujui jina lake, nenda nje likakutajie." Ukatoka, ukasimama kwenye hilo jua, au huo upepo wa Tunduma unaokulisha vumbi bila kukuuliza kama umeshiba, mpaka neno likujie. Wengine neno halikuja hadi kengele ya mapumziko. Kitabu kilikuwa kimoja, cha kwake, na kiliandikwa na watu wa baridi. Tulikariri namna nne za theluji, sisi ambao barafu tuliyoijua ilikuwa ya kunyonya, imefungwa kwenye mfuko. Tulikariri sikukuu za watu wanaovaa vinyago na kurushiana nyanya, na tukajiuliza nyanya hizo wanazipata bei gani. Baada ya hali ya hewa na sikukuu ikaja kazi ngumu kuliko zote, kueleza mahali. Ueleze mahali unapopajua mpaka asiyepajua apanuse, alisema Mawingu.

Mimi nilieleza jiko la mama. Nakumbuka insha yote, kwa kuwa haikuwa ndefu: jiko la mama liko nyumbani, ndani yake kuna jiko, na kuna mama. Niliisoma kwa sauti nzuri sana. Sauti ndiyo mali pekee niliyojaliwa, na hata leo kanisani nikisoma somo watu wanaamka. Mawingu alisikiliza mpaka mwisho, akaliambia darasa, "Huyu ana sauti ya redio na kichwa cha kibuyu. Kibuyu nacho hakina betri." Walicheka wiki nzima. Nikacheka nao, kama ninavyocheka na wanangu sasa.

Eda alikuwa mtoto wa Chitete, kijiji cha upande wetu wa Tanzania. Kwa kuwa wazazi wake walibaki huko wakilima, yeye alilala kwa shangazi yake Nakonde na kila asubuhi alivuka mpaka kuja shule. Tulimwita Mzambia, ingawa alikuwa Mnamwanga kama mimi na babu zetu pengine walikunywa kwenye kibuyu kimoja. Akiingia darasani tulipanga foleni kumsalimia kwa Kibemba, tukipinda magoti kama mbele ya chifu: "Muli shani, mayo?" Mimi ndiye niliyeanzisha. Eda alijibu "Bwino," kwa adabu, kama anamjibu padri, akaenda kukaa. Hilo ndilo lililotukera. Ilikuwa kama tunamrushia tope, likadondoka bila kumpaka.

Asubuhi moja aliitwa dirishani. Nje kulikuwa na manyunyu ambayo huna hakika kama yananyesha au ni miti inajikung'uta. Eda akatikisa kichwa. Mawingu akanyoosha kidole. Tulimwona kupitia dirisha amesimama uwanjani, uso ameuinua, midomo inatembea, na mimi nikasema kwa sauti yangu ya redio, "Anaongea na ndugu zake wa Nakonde," darasa likavunjika mbavu. Alirudi sketi imemgandia miguuni. Akasema kwa Kiingereza, polepole, "Drizzle, mwalimu. Bado si mvua. Inabisha hodi tu." Mawingu alifunga kitabu chake. Kisha akatuambia tukae wote. Hakuwahi kutuambia tukae kwa upole namna ile.

Baada ya siku hiyo nikamfanya rafiki. Sitajisifu kwamba ilikuwa toba, nilitaka kunakili. Kwa shangazi yake hapakuwa na pa kusomea, chumba kilijaa marobota ya mitumba mpaka dari. Kwa hiyo akawa anakuja kwetu baada ya vipindi, tukikaa jikoni kwa mama, yeye juu ya debe, mimi juu ya kinu kilichopinduliwa. Mama alimpa ugali na kapenta, vile vidagaa vya kutoka upande wa Zambia, na Eda alikula kama mtu anayehesabiwa matonge, anamaliza, anaosha sahani, anaosha na yangu. Kisha anasoma. Alikuwa akipika maneno kama mama anavyopika: anaonja, anaongeza, anafunika. Mahali alipopaeleza palikuwa mpaka wenyewe, hapo pa malori, ambapo sisi tulipita kila siku tukiziba pua. Kiingereza chake siwezi kukirudisha chote bila kukivunja, lakini kwa Kiswahili kilisema hivi:

Ninajua mahali ambapo mguu wako mmoja unasimama saa nne na mwingine saa tatu. Pananuka dizeli, vitunguu na viatu vipya. Mwaka mpya ukikaribia, manyunyu yananyesha pande zote mbili bila kugonga muhuri. Upande mmoja watu wanapiga masufuria na kukumbatiana, mwaka umefika. Kisha wanabeba watoto wao na masufuria yao, wanavuka, wanaungoja tena. Ukichelewa mwaka upande huu, usilie. Vuka barabara, utaukuta huko bado haujafika.

Niliisikia labda mara arobaini. Hali ya hewa imo, sikukuu imo, mahali pamo. Mawingu alikuwa hajaisikia hata mara moja, kwa sababu Eda alikuwa akiitunza.

Alikuwa akiwatunzia wageni. Mawingu alitutangazia kwamba wafadhili kutoka mbali wanakuja kutafuta msichana mmoja, mmoja tu, wampeleke shule ya bweni upande wa Mbeya, kila kitu juu yao mpaka kidato cha nne. Alichagua wasichana wawili wa kusikilizwa: Eda kwa maneno yake, na mimi kwa sauti yangu, "ili wageni wasilale." Kwangu ilikuwa sifa ya kwenda kusimulia nyumbani. Kwa Eda ilikuwa kitu kingine, na alinieleza wazi akiwa amekaa juu ya lile debe. Wazazi wake walikuwa wamefika mwisho wa kulipa ada. "Nikikosa hii, Januari nakaa mezani kwa shangazi, niuze mitumba. Ameshanitengea stuli." Nikamwambia hatakosa. Niliamini hivyo kabisa, na ndipo tatizo lilipokuwa.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko na beseni la vyombo, nikamsikia mama akiongea na jirani yetu, Mama Faraja. Mama Faraja aliuliza wageni watamchukua nani. Mama akasema, "Si ni yule wa Nakonde! Yule mtoto ana kichwa, mwenzangu. Huyu wangu Mungu alimpa mdomo, akasahau kumpa cha kusema." Wakacheka mpaka Mama Faraja akaanza kukohoa. "Basi muoze mapema," akasema, "akamsomee mumewe gazeti." Wakacheka tena. Mama alikuwa akitania. Kwetu usipotaniwa ujue hupendwi, na mimi mwenyewe nimewatania wanangu mambo makubwa kuliko hayo. Lakini nilisimama pale maji ya beseni yakinidondokea mguuni, na nilipoingia jikoni kuviweka vyombo, mama aliniuliza mbona nimenuna, nikasema sijanuna.

Ijumaa Eda hakuja shule. Shangazi yake alikuwa amepokea mzigo akamtaka mezani. Mchana ule Mawingu akatangaza kwamba wageni watafika kesho yake, Jumamosi, saa nne kamili. Akanigeukia. "Wewe ndiye shoga yake. Nenda kamwambie. Saa nne." Nilivuka jioni, na kwa sare yangu hakuna aliyeniuliza lolote. Kwa shangazi mtu kuona njia kulihitaji kuinama chini ya makoti yaliyotundikwa, na ukutani, juu ya marobota, ilikuwapo saa kubwa yenye kioo kilichopasuka. Nikasalimia, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, nikapewa muwa. Nikasema wageni wanakuja kesho saa nne. Shangazi, aliyeishi mpakani maisha yake yote, akauliza lile swali ambalo hapa tunaulizana mara kumi kwa siku: "Ya huku au ya kwenu?"

Nimelifikiria jibu langu kwa miaka mingi kuliko nilivyofikiria ndoa yangu. Sikupata hata muda wa kumeza muwa. "Ya huku, shangazi. Hiyo hiyo ya ukutani."

Ikawa hivyo. Saa nne ya ukutani kwa shangazi ni saa tano kwetu. Eda alishika mikono yangu miwili. Akanisindikiza mpaka kwenye kizuizi, kama adabu inavyotaka, amenibebea daftari, akisema asante, angejuaje bila mimi. Tulipoagana alinikumbusha, "Wewe nawe usieleze jiko tena. Eleza hata soko." Alikuwa akinisaidia.

Asubuhi wageni walifika wanne, na mmoja wao, mama wa makamo mwenye kofia ya nyasi, ndiye aliyeonekana kuwa na kauli. Mkalimani wao alikaa pembeni. Jua lilikuwa kali na upepo unasukuma vumbi chini ya mlango. Mawingu aliangalia mlangoni mara nyingi. Saa nne na robo akaniita mimi. Niliulizwa hali ya hewa, nikasema jua na upepo na vumbi, sawasawa. Nikaambiwa nieleze mahali. Nilikuwa nimeandaa soko, kwa ushauri wa Eda, sentensi sita. Watu wakikiri mambo kama haya husema ulimi uliteleza. Wangu haukuteleza. Nilimtazama yule mama wa kofia, nikavuta pumzi, nikafungua ile sauti niliyojaliwa, nikasema kwa Kiingereza cha Eda: ninajua mahali ambapo mguu wako mmoja unasimama saa nne. Nilipofika penye masufuria mama yule alivua kofia. Nilipomaliza walipiga makofi wamesimama. Mawingu hakupiga. Alikuwa ananitazama, na alijua, kwa sababu alizijua insha zangu zote, na zote zilikuwa na jiko. Kisha mgeni mmoja akamgeukia akampa mkono kumpongeza kwa ufundishaji. Mawingu akaupokea.

Eda aliingia saa tano kasoro dakika tano. Alikuwa amewahi, unaona. Kwa saa yake alikuwa amewahi. Viatu amepaka mafuta ya kula ving'ae, vumbi likavishika njiani. Aliomba radhi kwa kuhema, akasimama mbele, wageni wakamtabasamia, akaanza. Sentensi ya kwanza wageni wakatazamana. Ya pili, wanafunzi waliojazana madirishani wakaanza kuguna. Ya tatu wakaangua kicheko, na mmoja akapaza sauti, "Kasuku wa Nakonde!" Eda akaikatiza sentensi. Mama wa kofia, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kicheko, akasema kupitia mkalimani kwamba hiyo wameshaisikia kwa mwenzake, je, hana nyingine ya kwake? Eda akageuza shingo, akanitazama. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wageni na soda mkononi. Sikuona hasira. Aliitazama ile soda, kisha saa ya mkono ya mgeni aliyekuwa karibu naye, na nikaona anahesabu.

"Redio hii ina kituo kimoja tu?" Mawingu akamuuliza. Nadhani alitaka jambo liishe. Akamuuliza swali la mtoto wa darasa la tatu, hali ya hewa ikoje leo. Jua lilikuwa linachoma mabati mpaka yanalia. Eda alifungua mdomo ukabaki wazi. Yule aliyejua kwamba manyunyu ni mvua inayobisha hodi hakuweza kusema "sunny". Tukangoja, wageni wakaangalia chini, na Mawingu kwa mazoea, mkono ukijipeleka wenyewe, akanyoosha kidole mlangoni. "Nenda nje likakutajie."

Akatoka. Alisimama uwanjani pale pale pa siku ile, akainua uso. Wageni walipokwenda kula aliondoka, na hilo jina hakurudi kulisema.

Januari mama alinipeleka Nakonde kuninunulia sweta la bweni, maana mitumba mizuri ilikuwa kwa shangazi yake Eda na mama hakujua lolote. Eda alikuwa juu ya ile stuli. Alimwamkia mama, akaniamkia mimi kama mteja, akachambua rundo akatoa sweta la bluu lisilotoboka. "Hili," akasema. "Huko ni chilly." Mama akaomba punguzo. Eda akapunguza. Nilitaka kusema kitu, nikasema rangi nimeipenda.

Bwenini nilikaa wiki tatu. Sitaki kuipamba: nililia. Nililia kwenye foleni ya uji, nililia nikifua, mpaka wenzangu wakanipa jina la Bomba. Wafadhili walikuwa wametuma neno niwaandikie mahali pengine ninapopajua, nikawaandikia jiko la mama, kurasa mbili safari hii, karatasi imelowa. Mwishowe nikasingizia tumbo, mama akaja kunichukua. Nafasi ile haikupewa mtu mwingine. Nilimaliza kidato cha nne hapa hapa Tunduma, kwa alama ambazo wanangu wamezitafuta kwenye sanduku bila kuziona, na sitawaonyesha. Kwa hiyo nikimtendea Eda haki hata kidogo, lazima niseme hivi: mwizi anayekula alichoiba anaeleweka. Mimi niliiba nikaenda kutapika.

Tulikutana miaka yote iliyofuata, mji ni huu huu. Aliolewa Chapwa, akarudi upande wa huku, akawa mfanyabiashara anayewapangia Wazambia bei kwa Kibemba na kwa Kiingereza ambacho nilikuwa napita mbali nisikisikie. Tuliamkiana na kuulizana watoto. Nilingoja siku atakayoniuliza, nikaandaa majibu, nikayabadilisha kadiri nilivyozeeka. Hakuuliza.

Kule msibani walinipa kipaza sauti. Ukoo uliniomba nisome wasifu wa marehemu, kwa kuwa tulisoma wote na kwa kuwa nina sauti. Karatasi ilikuwa imeandikwa na shemeji zake. Nikasoma alipozaliwa, alipobatizwa. Nikafika mstari uliosema: "Marehemu aliachia masomo kidato cha pili kwa kuwa hakupenda shule." Jeneza lilikuwa mbele yangu, hatua tatu. Watu wa Nakonde walikuwa wamewahi wote. Ningeweza kunyamaza hapo, au kuuruka mstari ule. Niliusoma kama ulivyoandikwa, vizuri, kwa kituo mahali pa kituo, na mzee mmoja akaitikia kwa kichwa.

Baada ya kuzika tulikuwa tunanawa mikono kwa ajili ya chakula, binti yake mkubwa akanijia na sahani yangu. Ana midomo ya mama yake. "Mama mdogo," akasema, "mama alikuwa na kitu chake cha Kiingereza, alitufundisha wote, tulikisema kila mwaka mpya. Cha mguu mmoja saa nne, mwingine saa tatu." Akakisema pale pale, amesimama na sahani, dizeli na vitunguu na viatu vipya, mpaka wanapovuka na masufuria yao. Akakwama. "Mwisho umenitoka. Tangu juzi nautafuta, wadogo zangu nao hawaujui. Mama alisema wewe ndiye uliyekisema vizuri kuliko wote. Alisema watu walisimama wakapiga makofi."

Nikamtafuta usoni kama kuna mtego. Hapakuwa na kitu. Alikuwa anangoja.

"Sikumbuki, mwanangu," nikasema. "Ni zamani."

"Haya, mama mdogo." Akanipa sahani. Gari la ndugu wa Nakonde lilikuwa linaunguruma barabarani na yeye alitakiwa kuwapakia. "Wamesema wanaondoka saa kumi. Saa ngapi sasa?"

"Saa kumi kasoro kumi."

"Ya huku au ya kule?"

Nikaiangalia saa yangu. Nikaiangalia tena, na mara ya tatu, sahani ikinielemea mkono mwingine, na yule mtoto akanitazama akishangaa swali dogo kama lile lina ugumu gani.